Chumba cha Watu Wawili

Mlangoni mwa maabara yetu kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe miaka sita iliyopita: WATU WAWILI TU. Wapita njia huisoma wakasema, yule Fundi naye kwa roho mbaya! Roho yangu si nzuri sana, nakubali, ila karatasi ile ilitokana na kipimajoto. Mwili wa mtu unatoa joto kama balbu kubwa za zamani. Tukiwa wawili chumbani, mashine ya kupoza hewa inamudu. Akiingia wa tatu akakaa, meza inapata joto, vyuma vinavyoshika vioo vya kuelekeza mwanga vinatanuka kwa kiasi kisichofika hata unene wa unywele, na kazi ya wiki nzima inakwenda na maji.

Naitwa Fundi kwa sababu ndivyo nilivyoingia chuoni: fundi wa karakana, bisibisi mfukoni. Nilichonga vishikio vya vioo kwa ajili ya wanafunzi waliokuja, wakapata udaktari wao, wakaniachia asante na vikombe vichafu. Siku moja nikamwambia Profesa, mkuu wa maabara, kwamba na mimi nautaka huo udaktari. Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Sasa nina miaka arobaini na miwili, na tasnifu yangu ina kurasa mia mbili na kumi.

Kazi yenyewe ni hii. Umeme hupita ndani ya chuma kwa sababu kuna vitu vidogo mno, elektroni, vinavyohama kutoka atomu hadi atomu. Lakini viko vitu ambavyo kwa hesabu zote vingepaswa kupitisha umeme, na havipitishi. Elektroni zimo, njia ipo, lakini kila moja imekaa kwake kama majirani walionuniana. Huwezi kuchungulia ndani ya kitu kigumu ukaziona, maana ni ndogo, zina mbio, na zimebanana. Kwa hiyo tunajenga mfano wake, mkubwa wa kutosha kuonekana. Badala ya elektroni tunaweka atomu za metali iitwayo rubidi, tunazipoza mpaka zinakosa haraka kabisa, kisha tunakutanisha mihimili ya leza ili mwanga wenyewe utengeneze vishimo vilivyojipanga safu kwa safu, mithili ya trei la mayai. Atomu zinakaa humo. Vishimo vikiwa vifupi zinatembeleana, ukivifanya virefu zinatulia ghafla, na hakuna anayetaka kumsogelea jirani. Yote hayo yanatokea katikati ya kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, bila kugusa chochote. Usione vyaelea, vimeundwa: kuna vioo mia moja arobaini na vitatu kwenye meza ile, na kila kimoja nimekikaza mimi.

Ugomvi wangu na dunia ulihusu shimo moja. Picha zangu zilionesha atomu kama nukta nyeupe, moja moja, na katikati pameachwa duara jeusi. Mimi nilisema duara lile limejaa. Katikati ya trei atomu zinabanana, zinakaa mbili mbili katika kishimo kimoja, na mwanga wa kupigia picha ukizigusa mbili zilizo pamoja, zinagongana na kuruka nje zote. Aliye peke yake anabaki na kuonekana. Walio wawili picha inawakosa. Ndiyo maana mahali palipojaa kuliko pote panaonekana patupu.

Mtahini wa nje hakukubali. Alikuwa amesoma tasnifu yangu yote na kuitia wino mwekundu mpaka ikaonekana ina surua. Mwishoni aliandika: "Shimo la katikati ni shimo. Atomu zimefukuzwa na hitilafu ya mtambo. Mtahiniwa aoneshe kinyume mbele yangu, la sivyo tasnifu ikataliwe." Hii ilikuwa mara yangu ya pili kuiwasilisha, na kanuni za chuo hazitoi ya tatu. Angefika asubuhi na kuondoka saa saba mchana. Ikishindikana, ningerudi karakana moja kwa moja kuchonga vishikio vya wenzangu.

Sikuogopa. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha ya mtu anayengoja kubishana akiwa na jibu mfukoni, kwa sababu njia ya kukata mzizi wa fitina ilikuwapo, tena rahisi. Punguza atomu. Kama shimo ni tupu kweli, litabaki tupu, tena litazidi kupanuka. Lakini kama mle wamo wawili wawili, ukipunguza watabaki mmoja mmoja, na mmoja anaonekana. Shimo litajaa kwa kupunguza.

Nilimweleza mama hayo jikoni, tukiosha vyombo. Akasema, "Kwa hiyo unawatoa watu ili chumba kijae. Makubwa! Na serikali inajua mnafanya hivyo?"

Mama yangu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume kwa miaka thelathini. Alikuwa na kengele ya mkono, na ikilia saa kumi na moja jioni, wageni wote walitoka, awe mke wa mtu, awe bosi wa mtu. Nilipokuwa na miaka kumi baba yangu alilazwa wodi hiyohiyo kwa ugonjwa wa moyo. Kengele ikalia. Mama akanishika mkono, akanitoa nje kama mtoto wa jirani, akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa na kioo kidogo juu, na mimi sikukifikia. Baba alifariki kabla hakujakucha. Mama hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimchukia miaka kadhaa, kisha nikachoka kuchukia, tukaendelea kuishi nyumba moja, tukipikiana na kutaniana. Lakini mfupa ule haukunitoka kooni.

Nilimwalika mimi mwenyewe siku ya mtihani. Nalisema mapema msije mkamlaumu Profesa peke yake.

Profesa alikuja na Mtahini, mtu mfupi mwenye koti lililopauka viwikoni, na nyuma yao wajumbe wawili wa kamati pamoja na katibu wao. Mama alikwisha fika, amevaa gauni lake la sherehe. Profesa akaufungua mlango wangu wazi, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Karibuni, karibuni wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nikaitazama karatasi yangu mlangoni. Profesa aliiona pia, akanikonyeza, yaani leo tufumbe macho kidogo, huwezi kumwacha mjumbe wa kamati koridoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ningeweza kusema. Nikajifanya hamnazo. Nilitaka waione meza yangu, wote, na zaidi ya wote nilitaka mama aione.

Tuliingia saba. Nikawagawia miwani ya kukinga leza, mama akaivaa juu ya miwani yake ya kusomea na kukaa kitako kwenye kiti cha kona. Profesa akatoa hotuba. Profesa ana hotuba moja tu, nzuri, na haipungui dakika ishirini na tano. Alieleza historia ya maabara, akawasifu waliotutangulia, akanisifu mimi mpaka nikaangalia viatu vyangu. Mjumbe mnene wa kamati alijipepea kwa ratiba. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

"Endelea," Mtahini akaniambia. "Nina hamu na ushahidi, si na historia."

Nikapiga picha ya kwanza. Kila picha huchukua sekunde ishirini: kukusanya atomu, kuzipoza, kuziweka katika trei, kuzimulika. Ikatokea kwenye skrini, na badala ya pete iliyozunguka duara jeusi, nikaona kitu kama kipande cha kucha kilichotupwa upande mmoja. Nikapunguza atomu, nikapiga tena. Kucha ikawa nyembamba. Katikati pakabaki giza tupu. Nikapunguza tena. Giza.

"Shimo limebaki," Mtahini akasema taratibu, akaandika kwenye daftari lake. Hakuonekana kufurahi, na hilo liliniuma zaidi. Profesa alikuwa ameushika ukingo wa kiti kama mtu anayeumwa jino.

Kwa muda wa pumzi mbili hivi niliamini kwamba nimejidanganya miaka sita. Kisha nikahisi jasho likinitiririka mgongoni, na nikajiuliza jambo ambalo fundi yeyote angejiuliza: jasho, humu? Nikageuka kutazama kipimajoto ukutani. Chumba chetu hukaa nyuzi ishirini na moja kamili, mwaka mzima. Kilisoma ishirini na mbili nukta nane.

"Daktari," nikasema, "umeandika sawasawa. Shimo hilo ni tupu."

Profesa akafumba macho.

"Leo ni tupu kweli," nikaendelea. "Mihimili imehama, atomu zimemwagikia pembeni. Imehama kwa sababu vioo vimepata joto, na joto limetoka kwetu. Tuko saba katika chumba cha watu wawili. Naomba mtoke."

Hakuna aliyejongea. Mjumbe mnene akaacha kujipepea. "Mtahiniwa anatufukuza?" akamuuliza katibu, kana kwamba mimi sikuwepo.

"Fundi," Profesa akasema kwa upole, "hawa ni wageni wetu..."

"Ndiyo, na wamekuja na mwenyeji ameugua. Mlangoni imeandikwa, Profesa. Daktari atabaki, kwa sababu ndiye anayetaka kuona. Wengine nje, tafadhali."

Sijui ningefanya nini kama wangegoma. Kutoka kona ya chumba ikasikika sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi.

"Haya, haya! Saa ya kuona wagonjwa imekwisha!" Mama alikuwa amesimama, anapiga makofi. "Baba, chukua mkoba wako. Wewe mwenye simu, utaongelea huko nje. Profesa mwanangu, miwani unaiacha hapa mezani. Twendeni, twendeni, mgonjwa anataka hewa."

Wakatoka. Wallahi walitoka wote, na mjumbe mnene ndiye aliyekuwa wa kwanza. Watu wana kitu ndani yao kinachomtii muuguzi, wakishalazwa hata mara moja. Mama akawahesabu wakipita, kisha akarudi zake kuelekea kiti cha kona. Alidhani yeye ni mfanyakazi.

"Na wewe, mama," nikasema.

"Na mimi?"

"Wawili tu."

Nilisema hivyo huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha karibu, sikumtazama. Nilisikia viatu vyake, halafu mlango.

Mtahini alibaki ameketi, daftari magotini. Saa ya ukutani ilisema nne na dakika arobaini. Nikavuta kiti, nikakaa, nikakunja mikono.

"Mbona hurekebishi?" akauliza baada ya muda. "Skrubu zako hizi hapa."

"Ukikaza kioo chenye joto, utakuwa umekikaza kwa ajili ya joto. Kikipoa kinakuwa kimepinda upande wa pili. Vilikuwa sawa asubuhi, vitarudi vyenyewe. Kazi iliyopo sasa ni kukaa."

"Kwa muda gani?"

"Dakika arobaini. Pungufu kidogo kama hutaniuliza maswali yatakayonipandisha damu."

Akatikisa kichwa. Tukakaa. Mashine ya kupoza hewa ilinguruma. Ishirini na mbili nukta tatu. Ishirini na mbili.

"Ulijua tangu mlangoni," akasema. "Kwa nini hukututoa mapema?"

"Nilitaka mnione."

"Hiyo si sababu ya kisayansi."

"Hapana, ni ya kijinga."

Nadhani alitabasamu. Aligeuza uso haraka, sikuwahi kuhakikisha.

Ilipofika ishirini na moja nukta sifuri, nilimwita akae kwenye kiti changu. Nikamwonesha kitufe cha kupunguza na kuongeza atomu, na kingine cha kupiga picha. Nikasema mimi nitakaa nimeipa skrini mgongo, nikitazama makoti yaliyotundikwa ukutani, yeye apige picha anazotaka.

"Andika kwanza unachotarajia," akasema, akanipa daftari lake. Ndivyo alivyo, na tangu hapo nikaanza kumpenda. Nikaandika: atomu zote, pete na katikati giza. Zikipungua theluthi, giza linasinyaa. Zikibaki nusu, giza hakuna, katikati panawaka. Zikirudishwa, giza linarudi. Nikaweka sahihi.

Nikageuka. Makoti yalikuwa matatu, moja halina kifungo cha juu. Nikasikia kitufe.

"Zote," akasema.

Sekunde ishirini.

"Nimepunguza theluthi."

Ishirini nyingine. Nikasikia kiti kikisogea karibu na skrini.

"Nusu."

Kiti hakikusogea tena. Nilihesabu mpaka ishirini, nikafika thelathini, arobaini. Kichwa kilitaka kugeuka chenyewe, nikakikatalia. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayerudia kufungua jokofu.

"Safari hii sikuambii nimefanya nini," akasema mwishowe. "Niambie kuna nini kwenye skrini."

"Sijui."

"Hujui?"

"Mimi ni fundi, Daktari, si mganga. Niambie umeweka ngapi, nami nitakwambia utaona nini."

Hapo akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Geuka," akasema.

Alikuwa amezipanga picha nne kwenye skrini. Ya kwanza ilikuwa na pete na duara jeusi katikati, ya mviringo kama kifuniko cha sufuria. Ya pili duara limebaki dogo. Ya tatu haina duara: nukta nyeupe kila mahali, moja kwa kila kishimo, na katikati kabisa paliwaka kama palivyowaka pembeni. Ya nne atomu zimerudishwa na duara limerudi. Yote kama nilivyoandika.

Mtahini akafungua nakala yake yenye surua, akatafuta ukurasa, akakata aya yake mwenyewe kwa mstari mmoja mnyoofu. "Nina sahihisho moja," akasema. "Sura ya tatu umeandika nguvu ya leza, umeandika joto, umeandika mpaka aina ya skrubu. Hukuandika chumba kinabeba watu wangapi. Atakayejaribu kurudia kazi hii ataalika ndugu zake wote, aone shimo tupu, aseme wewe mwongo. Kile kilicho mlangoni, kiingize kwenye kitabu."

Miaka sita karatasi ile ilikuwa mbele ya macho yangu, nimeiandika kwa kalamu nene, na haikunijia kwamba ni sehemu ya kazi yenyewe.

"Nitaingiza," nikasema.

"Basi umefaulu," akasema, akanipa mkono. "Hongera, Daktari."

Nilifungua mlango. Koridoni Profesa na wajumbe walikuwa wamejipanga kwenye benchi, wamenyamaza kama watoto wa shule, kwa sababu mama alikuwa amesimama mbele yao, mgongo ukutani, na ni wazi alikuwa amekwisha mkataza mtu kubisha hodi. Mtahini akamwinulia Profesa kidole gumba. Profesa akaruka, akaanza kukumbatia watu, hata mjumbe mnene akakumbatiwa. Mama hakusogea. Alinitazama machoni.

"Nimefaulu, mama."

"Nimesikia." Akautazama mlango. "Nimekaa huku karibu saa nzima. Kioo cha mlango wenu kiko juu, sikifikii, nimezeeka nimekuwa mfupi. Sikujua humo ndani mambo yanaendaje." Sauti yake ilipungua. "Kumbe huku nje ni kubaya hivi. Miaka thelathini nimewatoa watu, mwanangu, na sikuwahi hata siku moja kukaa upande huu."

Nikamshika mkono, nikamwingiza ndani, nikafunga mlango. Tulikuwa wawili. Nikamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya picha nne, na yeye akaweka kidole kwenye ya kwanza.

"Hapa katikati mbona peusi?"

"Hapo ndipo walipo wawili wawili. Ndiyo maana hawaonekani."

"Kwa hiyo si patupu."

"Pamejaa kuliko pote, mama."

Alikitazama kile kiduara muda mrefu, kidole hakukiondoa.

"Siku ile, baada ya kukutoa," akasema, "baba yako aliniuliza uko wapi. Nikamwambia yuko mlangoni, hajaondoka. Akasema, basi vizuri. Akalala."

Miaka thelathini na miwili nilikuwa najua kwamba nilisimama nje. Sikujua kwamba baba alijua niko pale. Nililia kwa sauti, sina haja ya kuficha, kichwa begani kwa mama yangu, miwani ya leza ikinining'inia shingoni.

Mama akaniacha nilie kidogo, halafu akanyoosha shingo kutazama kipimajoto.

"Basi, nyamaza," akasema, akinipangusa uso kwa kiganja. "Utaipasha moto mashine."